Kimeta Hakiogopi Mwili Shupavu

Ng'ombe akifa ghafla malishoni kati ya Mlima Longonot na Maai Mahiu, maneno humtangulia daktari wa mifugo. Umeyasikia, tena huenda umeyasema. Kimeta si ugonjwa wa mbali: mwaka 2015 kiliua nyati zaidi ya 100 katika Mbuga ya Ziwa Nakuru. Basi tuyapime maneno hayo.

"Nyama ikitokota sana haina neno." Uongo. Hatari huanza kabla sufuria haijainjikwa, pale ngozi inapochunwa na damu kuingia kwenye mkwaruzo wa kidole. Wengi wanaougua kimeta hukipata hivyo: kipele kinachowasha, kisha kidonda kisichouma chenye kigaga cheusi. Na bakteria wa kimeta akikutana na hewa nje ya mwili hujifungia ndani ya spora, umbo gumu ambalo moto wa jikoni si dhamana ya kulimaliza.

"Mwenye mwili shupavu hahitaji dawa." Uongo, na huu ndio unaoniudhi zaidi, kwa sababu vidonda vingi vya ngozi hupona vyenyewe na kumpa msemaji ushahidi. Bila dawa, hadi mgonjwa mmoja kati ya watano wa kidonda hicho anaweza kufa. Akitibiwa mapema kwa penisilini au antibiotiki nyingine ifaayo, kifo huwa nadra.

Kwa nini nguvu haitoshi? Chembe nyeupe za damu hulinda mwili kwa kumkamata adui na kummeza. Humeza hata spora za kimeta, lakini baadhi husalimika, zikabebwa na chembe hizo hizo hadi kwenye tezi za limfu, zikachipua. Humo mwilini, penye joto na kaboni dioksaidi, bakteria hujivika utando wa nje uitwao kapsuli. Utando huo ni mnyororo wa asidi ya glutamiki, mojawapo ya zinazojenga protini zetu, ila umbo lake limegeuzwa kushoto kulia. Kinga ya mwili huutambua kwa shida, vimeng'enya haviuvunji kwa urahisi, na chaji hasi iliyouenea huzinyima chembe nyeupe pa kushika. Ni sawa na kukamata kambare kwa mikono mitupu. Wakati huo huo bakteria anamwaga sumu inayozilemaza chembe zile zile. Misuli ya mtu haina la kufanya hapo.

"Chanjo ndiyo inayoleta kimeta bomani." Uongo. Ndani yake mna bakteria hai, kweli, na hofu hiyo ina mzizi. Lakini katika miaka ya 1930 Max Sterne, akifanya kazi Onderstepoort, Afrika Kusini, alipata aina isiyoweza kutengeneza kapsuli. Akikosa utando, bakteria huyo hukamatwa na kumalizwa, huku mwili ukijifunza kuitambua sumu yake. Chanjo nyingi za mifugo duniani hutokana na aina hiyo hadi leo. Angalizo moja tu: ng'ombe asidungwe chanjo na antibiotiki kwa pamoja, maana dawa itawaua bakteria wa chanjo kabla mwili haujajifunza lolote.

"Damu ikiwa nyeusi na haigandi, usipasue mzoga; na pale alipofia, usichunge." Kweli tupu. Wazee waliona vyema. Mzoga ukipasuliwa, hewa huingia, spora zikaumbika na kukaa udongoni kwa miaka mingi. Waingereza walijaribu silaha ya kimeta katika kisiwa cha Gruinard, Scotland, mwaka 1942. Kisiwa hicho hakikutangazwa salama hadi 1990, baada ya udongo wake kutiwa dawa. Ndiyo maana mzoga wa namna hiyo huachwa mzima mpaka afisa wa mifugo afike, kisha huchomwa au kufukiwa kwenye shimo refu karibu na ulipoangukia, bila kuburutwa malishoni.