Je, Wajua? Gari Ivutwayo na Gari Isukumwayo

Je, wajua ya kwamba Toyota Vitz ipitayo Mbweni, Unguja, kwa kawaida huvutwa na magurudumu ya mbele, ilhali Hiace ya abiria husukumwa na ya nyuma? Mwenye azma ya kuigeuza Vitz iwe ya kusukumwa huweza kuizungusha injini iliyokingama, kukata sakafu, kupitisha propela shafti (mhimili wa kupeleka nguvu nyuma) na kutia difu (gia igawayo nguvu kwa magurudumu) nyuma. Au huweza kuihamishia injini nyuma ya viti, kama kampuni ya Renault ilivyoifanyia Renault 5 mwaka 1980, ambayo dereva Jean Ragnotti aliitumia kushinda mbio za magari za Monte Carlo mwaka 1981. Faida ya kusukumwa ni dhahiri: gari ichomokapo, uzito huelemea nyuma, kwenye magurudumu yanayosukuma, na magurudumu ya mbele hubakiwa na kazi ya kukata kona.