Mienendo ya Biashara na Ununuzi wa Kampuni katika Sekta ya Matangazo ya Simu za Mkononi, 2009 hadi 2022

1.0 Utangulizi

Tarehe 9 Novemba 2009 kampuni ya Google ilitangaza kwamba ingeinunua kampuni ya AdMob kwa hisa zenye thamani ya dola za Marekani milioni 750. AdMob ilikuwa na umri wa takribani miaka mitatu. Ilianzishwa mwaka 2006 na Omar Hamoui, na kazi yake ilikuwa kuweka matangazo madogo katika tovuti na programu zinazosomwa kwa simu. Wakati huo simujanja zilikuwa bado chombo cha wachache, na matangazo ya simu yalikuwa sehemu ndogo sana ya matangazo yote ya mtandaoni. Kwa mizani ya kawaida ya biashara, ambapo bei ya kampuni hupimwa kwa faida inayoingiza, thamani hiyo ilikuwa kubwa kupita kiasi.

Makala haya yanaeleza ni kitu gani hasa kilichokuwa kikinunuliwa, katika mapatano hayo na katika mengine yaliyofuata. Hoja inayojengwa ni kwamba katika sekta hii kampuni hazikununuliwa kwa ajili ya mapato yake ya siku ile, bali kwa ajili ya nafasi zilizoshika baina ya mwenye bidhaa na mwenye simu. Nafasi hiyo ilipobadilika, thamani za kampuni nazo zilibadilika, mara nyingine kwa kasi ya kutisha.

2.0 Udalali wa Nafasi

Ili kuelewa mapatano hayo, ni vyema kwanza kuelewa kazi ya mtandao wa matangazo. Upande mmoja yupo mtengenezaji wa programu, mathalani mchezo wa simu unaotolewa bure. Programu yake ina nafasi tupu juu au chini ya kioo. Upande wa pili yupo mfanyabiashara anayetaka kuonekana. Wawili hawa hawajuani, na hawana sababu ya kujuana. Mtandao wa matangazo husimama katikati kama dalali: hukusanya nafasi kutoka kwa maelfu ya watengenezaji, huziuza kwa wafanyabiashara, hukata sehemu yake, na kumlipa mtengenezaji kinachobaki.

Dalali wa nyumba hulipwa kwa sababu anajua nyumba ipi iko wazi. Dalali wa matangazo hulipwa kwa sababu anajua simu ipi imeshikwa na nani. Kila simujanja ilipewa namba ya utambulisho wa kimatangazo, na kwa namba hiyo mtandao uliweza kutambua kwamba simu iliyofungua mchezo asubuhi ndiyo iliyonunua viatu jioni. Kadiri dalali alivyokuwa na programu nyingi, ndivyo alivyoona sehemu kubwa zaidi ya maisha ya mwenye simu, na ndivyo tangazo lake lilivyouzwa kwa bei ya juu. Hapa ndipo ilipo sababu ya haraka ya wanunuzi.

3.0 Google, Apple na Uamuzi wa Mwaka 2010

Google haikuwa peke yake katika kuitaka AdMob. Steve Jobs alisema hadharani mwaka 2010 kwamba Apple nayo ilitaka kuinunua, na kwamba Google iliwahi mbele yake. Baada ya kuikosa, Apple iliinunua Quattro Wireless mwezi Januari 2010 kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 275 hivi. Mwezi Aprili ikatangaza huduma yake ya matangazo iliyoitwa iAd.

Wakati huo Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilikuwa ikichunguza iwapo Google, iliyokuwa tayari imetawala matangazo ya utafutaji, iruhusiwe kuichukua kampuni iliyoongoza katika matangazo ya simu. Uchunguzi ulichukua miezi kadhaa. Tarehe 21 Mei 2010 Tume iliufunga bila kuzuia ununuzi. Ilikiri kwamba ungeweza kupunguza ushindani, lakini ikaona kwamba wasiwasi huo ulifunikwa na ujio wa Apple, ambayo ilikuwa na simu yake, watengenezaji wake wa programu na sasa mtandao wake wa matangazo. Kwa maneno mengine, mshindani aliyetarajiwa ndiye aliyekuwa sababu kuu ya kuruhusu muunganiko.

Mshindani huyo hakukua. Apple ilianza kwa kuwataka wafanyabiashara waweke dola milioni 1 kama kiwango cha chini cha kutangaza, na ikataka kuidhinisha sura ya kila tangazo. Kiwango hicho kilishushwa mara kwa mara hadi kikawa cha makumi ya dola tu, lakini wateja walikuwa wamekwisha kwenda kwingine. iAd ilifungwa tarehe 30 Juni 2016. Si haki kuilaumu Tume kwa kutoyajua ya mbele. Mwaka 2010 hata wawekezaji wazoefu waliiona Apple kuwa tishio. Hata hivyo, kisa hiki kinabainisha udhaifu wa kuruhusu muunganiko wa leo kwa kutegemea ushindani wa kesho, kwani ruhusa hudumu hata mshindani anapokufa.

4.0 Kampuni Huru na Anguko Lake

Kampuni zilizobaki huru zilijaribu kukua kwa fedha za soko la hisa. Mfano ulio wazi zaidi ni Millennial Media ya Baltimore. Hisa zake ziliingia sokoni mwezi Machi 2012 kwa dola 13 kila moja, na zikafunga siku ya kwanza zikiwa takribani dola 25. Kampuni ilitumia nguvu hiyo kununua nyingine: Jumptap mwaka 2013 na Nexage mwaka 2014. Mwaka 2015 yenyewe ilinunuliwa na AOL kwa dola 1.75 kwa hisa, yaani chini ya sehemu moja ya saba ya bei ya kuingilia sokoni. AOL nayo ilikuwa imekwisha kumezwa na kampuni ya simu ya Verizon mwaka huohuo.

Sababu ya anguko hilo haikuwa uchache wa matangazo. Biashara ya matangazo ya simu ilikua kwa kasi katika miaka hiyo yote. Kilichotokea ni kwamba ukuaji ulielekea kwa wenye majukwaa. Facebook, katika waraka wake wa kuuza hisa wa mwaka 2012, ilieleza kwamba haikuwa ikipata mapato ya maana kutoka katika simu. Kufikia robo ya mwisho ya mwaka 2013, zaidi ya nusu ya mapato yake ya matangazo yalitoka katika simu. Facebook haikuhitaji kubahatisha ni nani ameshika simu. Mwenye simu alikuwa ameandika jina, umri na marafiki zake kwa hiari. Dalali wa katikati hakuwa na kitu cha kulinganisha na hicho.

Zaidi ya hayo, namna ya kuuza ilibadilika. Badala ya dalali kununua nafasi kwa jumla na kuziuza kwa rejareja, kila nafasi ilianza kupigwa mnada peke yake, katika muda ulio mfupi kuliko kufumba na kufumbua, wakati ukurasa ukifunguka. Faida ya dalali wa zamani ilitokana na siri ya bei. Mnada uliipunguza siri hiyo.

5.0 Mwenye Mnada

Aliyenufaika na mabadiliko hayo ni yule anayeendesha mnada. Twitter ilililenga jambo hili mapema iliponunua MoPub mwaka 2013 kwa takribani dola milioni 350. MoPub ilikuwa programu ya upatanishi: mtengenezaji wa mchezo huiweka ndani ya programu yake, nayo huita mitandao mbalimbali na kuamua tangazo la nani lionyeshwe. Mwezi Oktoba 2021 Twitter ilitangaza kuiuza kwa AppLovin kwa dola bilioni 1.05. Twitter yenyewe ilieleza kwamba MoPub iliingiza takribani dola milioni 188 mwaka 2020.

AppLovin tayari ilikuwa na programu yake ya upatanishi, iitwayo MAX. Kwa hiyo MoPub haikununuliwa ili iendelee. Ilifungwa tarehe 31 Machi 2022, na watengenezaji waliokuwa wakiitumia walitakiwa kuhamia MAX au kutafuta pengine. Kilichonunuliwa ni wateja, pamoja na kutoweka kwa mshindani. Ikumbukwe pia kwamba AppLovin huuza matangazo yake yenyewe katika mnada inaouendesha. Mwamuzi wa mchezo akiwa pia mchezaji, si lazima apendelee, lakini wachezaji wengine hawana namna rahisi ya kuthibitisha kwamba hapendelei.

6.0 Apple Inafunga Mlango

Tukio lililochochea wimbi la ununuzi wa miaka ya 2021 na 2022 halikuwa la kifedha. Mwezi Aprili 2021, kupitia toleo la 14.5 la mfumo wa iPhone, Apple ilianza kuilazimisha kila programu kumwomba mwenye simu ruhusa kabla ya kumfuatilia katika programu na tovuti za kampuni nyingine. Hapo awali ufuatiliaji uliendelea mpaka mwenye simu autafute mpangilio wa kuuzima, jambo ambalo wengi hawakulifanya. Swali lilipowekwa mbele ya macho yao, wengi walikataa. Mwezi Februari 2022 Meta, ambayo ndiyo Facebook kwa jina jipya, ilikadiria kwamba badiliko hilo lingeipunguzia mapato kwa takribani dola bilioni 10 katika mwaka huo. Siku iliyofuata hisa zake zilishuka kwa zaidi ya robo.

Maneno ya kanuni hiyo yanastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu ndiyo yanayoeleza mapatano yaliyofuata. Kanuni inahusu kumfuatilia mtu kutoka kampuni moja hadi nyingine. Haiizuii kampuni kujua kinachofanyika ndani ya programu zake yenyewe. Kwa hiyo njia iliyobaki wazi ni kuigeuza kampuni ya pili iwe sehemu ya kampuni ya kwanza, kwani hapo taarifa hazivuki mpaka wowote. Kilichokatazwa kati ya majirani kinaruhusiwa ndani ya nyumba moja.

Ndivyo ilivyokuwa. Zynga, mtengenezaji wa michezo, ilinunua mtandao wa matangazo wa Chartboost mwaka 2021, na mwaka uliofuata yenyewe ikanunuliwa na Take-Two. AppLovin ilikuwa ikimiliki michezo mingi pamoja na mtandao wake wa matangazo, kisha ikaongeza Adjust, kampuni ya Ujerumani inayopima ni tangazo lipi lililomfanya mtu apakue programu. Mwezi Julai 2022 Unity, ambayo zana zake hutumiwa kutengeneza sehemu kubwa ya michezo ya simu duniani, ilitangaza kuungana na ironSource ya Israeli kwa thamani ya dola bilioni 4.4. Mwezi uliofuata AppLovin ilijitokeza na kutaka kuinunua Unity kwa hisa za dola bilioni 17.54, kwa sharti kwamba Unity iachane na ironSource. Bodi ya Unity ilikataa, na muunganiko na ironSource ukakamilika mwezi Novemba.

Unity ilikuwa na sababu nyingine ya kuhitaji mshirika. Mwezi Mei mwaka huo ilikuwa imekiri kwamba chombo chake cha kulenga matangazo kilifundishwa kwa taarifa mbovu, na kwamba hasara ya mwaka ingefikia takribani dola milioni 110.

7.0 Mtengenezaji Mdogo na Sheria za Afrika Mashariki

Mapatano haya husimuliwa kama habari za Marekani, lakini mtengenezaji wa programu aliyeko Dar es Salaam au Nairobi ameunganishwa nayo moja kwa moja. Programu ya ratiba, ya kamusi au ya mchezo wa bao inayotolewa bure hupata kipato chake kupitia mitandao hiyohiyo. Mtandao ukifungwa, ni lazima programu iandikwe upya katika sehemu inayoita matangazo, ijaribiwe na itolewe tena. Kampuni yenye wahandisi wengi hulifanya hilo kwa siku chache. Mtu anayetengeneza programu jioni baada ya kazi nyingine huenda akakosa muda huo, na nafasi za matangazo zikabaki tupu.

Kwa upande wa mwenye simu, Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023. Sheria zote mbili zinagusa matumizi ya taarifa binafsi kwa ajili ya biashara na pia usafirishaji wa taarifa hizo nje ya nchi. Kwa ujumbe mfupi unaotumwa na duka la ndani bila ridhaa, mlalamikiwa hupatikana: ana jina na anwani, na anaweza kuitwa. Mnada wa tangazo ni jambo tofauti. Taarifa za simu iliyoko Mwanza huweza kupelekwa kwa wazabuni wengi walioko nje, mmoja akashinda na kuonyesha tangazo lake. Walioshindwa hawamwonyeshi mwenye simu chochote, lakini nao walikwisha kuziona taarifa hizo walipoalikwa kutaja bei, na yeye hawezi kuwalalamikia watu ambao hakupata kuyaona matangazo yao.