Minti ya chai yako imekunywa maji gani?

Ukikatiza Gikomba asubuhi kusaka mtumba, lazima upite mathe ameketi na mafungu ya minti. Unatoa ganji kidogo, chai ya keja inabadilika. Fiti. Lakini msee, ushawahi jiuliza hiyo minti ilikunywa maji gani?

Minti hupenda maji mob. Kuna ya porini inaitwa Mentha aquatica, na kwao ni kwa matope, kando ya mito na mabwawa, Ulaya, Asia hadi Afrika. Haikufi msimu ukiisha. Inatambaa chini ya udongo, inachipuka kando. Hiyo ndio mzazi mmoja wa pepaminti, ile ladha ya chingamu na dawa ya meno. Mzazi mwingine ni minti ya bustani.

Na ile baridi unaskia mdomoni ni uongo! Mdomo haujapoa. Mentholi hugusa neva za baridi, ubongo unadhani umeweka barafu. David Julius na Ardem Patapoutian waligundua hiyo mambo 2002 wakitumia mentholi yenyewe, na 2021 wakabeba Nobel kwa kazi yao ya jinsi mwili huhisi joto na mguso.

Sasa rudi Gikomba. Soko imekaliana na Nairobi River, na huo mto unaujua: majitaka, plastiki, uchafu wa viwanda. Watafiti wamepima mboga za maji ya huo mto wakapata madini kama risasi. Mmea haubagui, unanyonya tu. Viini vya ugonjwa utaua ukichemsha chai. Risasi haichemki ikaisha, na ikiwa ndani ya jani hata uoshe mara kumi, wapi. Watoto ndio huumia zaidi, kwa ubongo.

Sisemi mathe anakuuzia sumu. Minti ingine imetoka shamba poa kabisa, shida ni kwa macho huwezi jua. Zote ni kijani, zote zinanukia. Muulize tu, "Mathe, hii imekatwa wapi?"

Ama fanya kama mimi. Nilichukua shina tatu, nikatoa majani ya chini, nikaziweka kwa glasi ya maji hapo dirishani. Mizizi ilipotoka nikazipanda kwa mtungi uliokatwa. Majani ya kwanza nilitupa, nikangoja yale yaliota kwa maji ya mfereji. Usiipande na sukuma lakini, itaifukuza.