Haggis na Nyama Isiyosubiri

Katika upishi wa jadi wa haggis huko Uskoti, moyo, maini na mapafu ya kondoo huchemshwa vikiwa bado vimeshikamana, na mrija wa pumzi huachwa uning'inie nje ya ukingo wa sufuria, juu ya bakuli. Mapafu yakishapata moto, povu na makohozi hupanda ndani ya mrija na kudondokea bakulini, mchuzi ukabaki safi. Wapo watakaokunja uso wakisikia hayo. Mimi kazi yangu ni usalama wa nyama, na ninawastahi sana waliokibuni kitendo hicho. Hawakuwa na friji wala hadubini, lakini walijua vizuri kilichomo ndani ya pafu.

Nyama ikishaiva hukatwakatwa vipande vidogo, ini likakunwa, kisha vyote vikachanganywa na oti zilizokaushwa motoni, mafuta ya figo, vitunguu, chumvi na pilipili manga nyingi, na kulainishwa kwa mchuzi ule ule. Mchanganyiko hutiwa ndani ya tumbo la kondoo lililooshwa na kulowekwa katika maji ya chumvi, likashonwa, likachemshwa polepole kwa saa tatu hivi. Tumbo halijazwi pomoni, kwa sababu oti huvimba zikinywa mchuzi; likianza kutuna hudungwa sindano lisije likapasuka. Siku hizi haggis nyingi za dukani hufungwa katika ngozi ya kiwandani. Huliwa pamoja na viazi na tanipu vilivyopondwa, hasa usiku wa Januari 25, siku aliyozaliwa Robert Burns mwaka 1759, mshairi aliyekitungia chakula hiki shairi la sifa mwaka 1786. Waskoti wanajivunia haggis kama mali yao, ingawa mapishi yenye jina hilo yamo pia katika kitabu cha upishi kilichoandikwa Lancashire, Uingereza, mnamo 1430. Hilo halinishangazi. Popote kondoo anapochinjwa, watu hukutana na tatizo lile lile.

Tatizo lenyewe ni hili. Mnyama akishachinjwa, misuli yake hugeuza sukari iliyobaki ndani yake kuwa asidi. Kipimo cha pH hushuka kutoka karibu 7 hadi 5.5 hivi, na uchachu huo huwapunguzia bakteria kasi ya kuzaana. Ini halifikii uchachu wa namna hiyo. Mara nyingi hubaki juu ya 6, na mapafu hubaki karibu na 7. Ongeza damu, unyevu mwingi, vimeng'enya, na ujirani na utumbo wenye vijidudu tele. Paja la kondoo laweza kutundikwa siku kadhaa katika baridi ya Uskoti. Ini na mapafu yalihitaji moto siku ile ile, na chombo cha kupikia alikuja nacho kondoo mwenyewe.

Aliyewahi kula mutura kando ya barabara Nairobi anaielewa akili hii: utumbo hujazwa nyama, mara nyingi na damu, ukachemshwa, kisha ukamaliziwa juu ya makaa. Haggis yenyewe haitiwi damu. Chakula cha Kiskoti chenye damu ni kingine, soseji nyeusi ya Stornoway. Kwa Mwislamu hiyo ni tofauti kubwa, kwa kuwa damu ya kumwagika ni haramu ilhali ini na bandama vimehalalishwa.

Mapafu ndiyo yaliyoleta ubishi mkubwa. Tangu 1971 Marekani imekataza mapafu ya mifugo yasiwe chakula cha binadamu, hivyo haggis ya asili haiuzwi huko. Hoja yao ni kwamba pafu hukusanya vumbi, chavua na mbegu za kuvu, na kwamba yaliyomo tumboni huweza kupanda na kuingia humo wakati wa kuchinja. Hoja ni ya kweli. Hata hivyo, kwa mapafu yaliyokaguliwa na kuchemshwa barabara, naiona sheria hiyo kuwa kali kupita kiasi.

Kinachonikosesha usingizi ni malengelenge ya maji ambayo mkaguzi huyatafuta kwa kupapasa mapafu na maini. Humo mna vichanga vya tegu wa mbwa, Echinococcus. Wengi hudhani kwamba anayekula nyama hiyo ndiye huambukizwa. Njia ya ugonjwa ni nyingine: mbwa hula kiungo chenye malengelenge, tegu hukomaa utumboni mwake, na mayai yatokayo na kinyesi chake humfikia mtu kupitia mikono, maji au mboga. Huko Turkana, wanakoishi karibu sana na mbwa wao, wafugaji wameteswa na ugonjwa huu kwa miaka mingi. Pafu lenye uvimbe litupwe kwenye shimo refu au lichomwe hadi liwe majivu. Ukimrushia mbwa, umempelekea ugonjwa mtoto anayemkumbatia mbwa huyo jioni.

Kuhusu ini, nina neno kwa mama mjamzito. Gramu 100 za ini bichi la ng'ombe zina vitamini A karibu mikrogramu 5,000, wakati mwanamke mzima huhitaji 700 kwa siku na kikomo cha juu ni 3,000. Ikizidi, hasa miezi ya mwanzo, huweza kumdhuru mtoto tumboni. Ndiyo maana wajawazito wa Uingereza hushauriwa waache ini na haggis pia. Mwenye jongo naye ajihadhari, kwani maini na figo huzidisha asidi ya yuriki mwilini. Kwa wengine, vyakula vinavyolipita ini kwa madini ya chuma na vitamini B12 ni vichache mno.

Linunue asubuhi, kwa mchinjaji ambaye nyama yake hukaguliwa, na ulipike siku hiyo. Kabla ya kulipika, likate: mirija ya nyongo ikiwa migumu hata inakwaruza kisu, hiyo ni kazi ya minyoo bapa wa ini. Lirudishe.