Sura ya Sita: Moto wa Pumba

Siku ya gulio, mitumbwi ya Ikombe hufika Lyulilo imesheheni vyungu vya Wakisi, vimefinyangwa kwa mikono ya wanawake. Mkono wa mfinyanzi ndio mtaji wake. Ukitaka kujua chikungunya inaharibu nini, anzia hapo: vidole na vifundo vya mikono, kisha magoti na vifundo vya miguu, asubuhi mtu anapojaribu kushika mwiko na ngumi haifungi.

Kwenye vitabu, ugonjwa huu ni mzaliwa wa Tanzania. Ulitambuliwa katika mlipuko wa 1952–1953 kwenye uwanda wa Makonde, na jina lake ni la Kimakonde, likimaanisha kujikunja kwa maumivu. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliandika taarifa zao mwaka 1955. Mwaka 2004 ulilipuka Lamu, ambako vipimo vya damu vilionyesha kuwa takriban robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa, kisha ukavuka Komoro hadi Réunion. Huku kwetu haukuhitaji kulipuka ili uwepo. Damu za watu zaidi ya 1,200 wa mkoa wa Mbeya, zilizochukuliwa 2007 na 2008, zilikuwa na alama za maambukizi ya zamani kwa asilimia 18. Nadhani wengi wao waliwahi kuambiwa ni malaria, wakanywa dawa ya malaria, wakapona homa, wakaamini.

Homa hukaa kama wiki moja. Maumivu ya maungio ndiyo yanayogoma kuondoka. Kwa baadhi ya watu hukaa miezi, kwa wengine miaka. Aliyewahi kuona lundo la pumba za mpunga likiungua Kyela ataelewa haraka. Hakuna mwali, juu majivu yametulia, lakini ukitia mguu unaungua. Virusi vimekwisha au vinakaribia kwisha, ila kinga ya mwili bado inafukuta ndani ya kiungo. Na neva zilizosumbuliwa muda mrefu hujifunza kupiga kelele hata pale ambapo uvimbe umepungua. Hayo ni mambo mawili tofauti, na dawa zake hazifanani.

Dukani, jibu kwa yote mawili ni diklofenaki. Kwa siku chache inasaidia. Ikinywewa miezi mfululizo, inaweza kutoboa tumbo na kuchosha figo, nayo kelele ya neva haiigusi sana. Hapo ndipo madaktari walipogeukia dawa za zamani zilizobuniwa kwa kazi nyingine.

Methotreksati ilianza kama dawa ya saratani. Kwa kiasi kidogo, mara moja tu kwa wiki, hutuliza kinga inayoshambulia maungio, na madaktari wamewapa baadhi ya wagonjwa ambao maungio yao yalibaki yamevimba baada ya chikungunya. Neno "kwa wiki" hapo si la kupitwa haraka: wapo waliokufa kwa kuinywa kila siku. Amitriptilini, ya tangu miaka ya 1960, hutibu sonona kwa miligramu 75 na kuendelea. Miligramu 10 au 25 usiku hupunguza sauti ya neva na kuleta usingizi. Tatizo lake ni sifa. Jirani akisema hiyo ni dawa ya wendawazimu, kidonge kinaishia chini ya godoro.

Inayosifiwa zaidi siku hizi ni naltreksoni. Kwa miligramu 50 huziba milango ambayo heroini hupitia kwenye ubongo, ndiyo maana hupewa walioacha uraibu. Kwa miligramu 4.5 au pungufu, inadhaniwa kutuliza seli za glia, wahudumu wa neva ambao wakichokozwa huchochea maumivu. Jarred Younger, akiwa Stanford, aliijaribu kwa wanawake wenye maumivu ya mwili mzima yasiyo na jeraha, na matokeo yaliyochapishwa 2009 na 2013 yalitia moyo, ingawa washiriki walikuwa wachache. Sasa wanaosumbuliwa na mabaki ya UVIKO-19 wanaiulizia. Lakini jaribio la Denmark lenye wanawake 99, lililochapishwa mwishoni mwa 2023, halikuonyesha kuwa inapunguza maumivu kuliko kidonge kitupu. Mimi nalipa uzito jaribio hilo. Tena, anayetumia tramadoli au mofini akiimeza, dawa yake ya maumivu inakatwa papo hapo. Na kidonge cha 50 hakigawanyiki kwa wembe vipande kumi na kimoja vilivyo sawa.

Wazo zuri peke yake halitoshi, na klorokwini inatosha kuwa ushahidi. Mtu wa makamo yeyote wa ufukwe huu anakumbuka ilivyowasha mwili kabla Tanzania haijaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Kwa kuwa hutuliza kinga katika baridi yabisi, ilionekana ya kufaa kabisa, ikajaribiwa Réunion mwaka 2006 kwa wagonjwa wapya wa chikungunya. Haikufupisha homa. Siku 200 baadaye, waliokuwa wameinywa ndio waliolalamikia maungio zaidi.

Kwa hiyo mfinyanzi akiingia zahanati na ngumi isiyofunga, swali la kwanza si dawa gani. Mshike kifundo: kina joto na kimevimba, au kimepoa lakini kinauma? Kisha muulize, "Mama, usiku unalala?"