Mto Ord wa Australia: Majani Ndiyo Mlinzi wa Maji

Kaskazini mwa Jimbo la Australia Magharibi, katika nchi iitwayo Kimberley, uko mto Ord. Urefu wake ni yapata maili 400. Mvua hunyesha huko tangu Novemba mpaka Aprili, na mto hufurika sana. Zamani, wakati wa kiangazi, yalibaki madimbwi tu.

Wenyeji wake, Wamiriwoong na Wagajerrong, wamekaa huko tangu kale. Mwaka 1879 Alexander Forrest alipita akipima nchi, akaupa mto jina la Gavana Ord. Alisifu malisho yake, na habari zikaenea. Mwaka 1883 jamaa ya Durack waliondoka Queensland na ng'ombe zaidi ya 7,000. Walisafiri maili zipatazo 3,000, wakafika mwaka 1885. Karibu nusu ya ng'ombe walipotea njiani.

Baadaye mifugo iliongezeka kupita kiasi. Ng'ombe walishinda karibu na maji mwaka baada ya mwaka, malisho yasipate kupumzika. Punda walioachwa huru nao wakazaana. Majani yakaisha, ardhi ikabaki uchi, na kila mvua ikachukua udongo mpaka mtoni.

Serikali ilipofikiri kujenga bwawa kubwa, iliona hatari: bwawa lingejaa tope. Kwa hiyo mwaka 1960, miaka kadhaa kabla ya kulijenga, kazi ilianza kwenye malisho ya juu. Ng'ombe na punda waliondolewa, ardhi ikalimwa kwa mistari ya kuzuia maji, na mbegu za majani zikapandwa. Mojawapo ilikuwa buffel, majani ambayo huota yenyewe katika nchi kavu za Kenya. Polepole ardhi kubwa ikafunikwa tena.

Bwawa lilifunguliwa mwaka 1972, na Ziwa Argyle likaenea karibu maili 380 za mraba. Lilizamisha nchi ya wenyeji, na mapatano makubwa nao yalitiwa sahihi mwaka 2005 tu. Kilimo nacho kilipata taabu: pamba iliachwa mwaka 1974 kwa sababu wadudu walikuwa wameizoea dawa.

Mfugaji, tazama kijito chako baada ya mvua. Maji yakiwa mekundu, ujue malisho yako ndiyo yanayokwenda. Punguza mifugo, gawa malisho kwa zamu, na upande majani mapema. Kuzuia udongo ni rahisi kuliko kuurudisha.