Chokoleti Ndani ya Mvuke: Kemia na Hatari ya Ladha Inayochanganywa Nyumbani

Miongoni mwa ladha ambazo watu wanaojichanganyia nyumbani kimiminika cha sigara za kielektroniki hujaribu kuziiga, chokoleti ni mojawapo ya zile ngumu kabisa, na chanzo cha ugumu huo hakiko katika uhaba wa ustadi wao bali katika chokoleti yenyewe. Ndizi huweza kutambulika kwa kemikali moja, kwa kuwa tone la isoamili asetati peke yake humfanya mtu aseme ananusa ndizi mbivu. Chokoleti haina kemikali ya namna hiyo. Wakemia wamekwisha kutambua zaidi ya viambato 600 vinavyopaa hewani kutoka katika kakao, na Peter Schieberle, mkemia wa vyakula wa Munich nchini Ujerumani, ameonyesha kwamba ni takriban 25 tu kati yake vinavyobeba harufu yenyewe, na kwamba hakuna hata kimoja ambacho kikinuswa peke yake hunukia chokoleti. Kimoja hunukia kabichi iliyochemshwa, kingine jasho la binadamu, kingine asali, kingine tunda la pichi, na ni pale tu vinapokutana kwa viwango vinavyostahili ndipo ubongo huvipa vyote jina moja.

Viambato hivyo havimo katika mbegu mbichi. Kakao iliyotolewa tu katika tunda lake, iwe imevunwa Ghana, Kyela nchini Tanzania au Bundibugyo nchini Uganda, ina uchungu mkali wala haina dalili ya harufu ambayo itakuja kuipa thamani. Mkulima huzirundika mbegu pamoja na utelezi wake mweupe, akazifunika kwa siku tano hadi saba hivi, na katika siku hizo hamira za asili hugeuza sukari ya utelezi kuwa kileo, bakteria hukigeuza kileo kuwa asidi ya siki, joto la rundo hukaribia nyuzi 50 za Selsiasi, na mbegu, ikiisha kufa kwa joto na asidi, huanza kuzivunja protini zake kuwa asidi-amino. Mbegu zikishakauka na kukaangwa, asidi-amino hizo huungana na sukari katika mmenyuko uliopewa jina la Louis-Camille Maillard, Mfaransa aliyeueleza mwaka 1912, ambao pia ndio unaoupa mkate ganda lake la kahawia na nyama ya kuchoma harufu yake. Kutokana na kazi hiyo ndefu huzaliwa, pamoja na vingine, makundi mawili yanayohitaji kukumbukwa: aldehidi, ambazo ni kemikali nyepesi zenye harufu ya kimea, na pirazini, ambazo huleta harufu ya karanga zilizokaangwa, udongo na kuungua kidogo.

Kimiminika ambamo harufu hii hutakiwa kuhamishiwa ni sahili mno kikilinganishwa nayo. Sigara ya kielektroniki ya namna inayojulikana leo, ambayo kubuniwa kwake mwaka 2003 huhusishwa na mfamasia wa Kichina Hon Lik, huwa na waya unaopashwa joto na betri ili kugeuza kimiminika kuwa mvuke, na kimiminika chenyewe ni mchanganyiko wa propilini glikoli, ambayo ni nyepesi na huyeyusha vionjo vizuri, na gliserini, ambayo ni nzito, tamu kidogo, na ndiyo inayotoa wingu zito. Ya kwanza huchemka kwenye nyuzi 188 na ya pili kwenye nyuzi 290. Humo huongezwa nikotini kwa anayeitaka, na arki, yaani kionjo kilichokolezwa, kwa asilimia chache za ujazo. Mchanganyaji makini hupima kila kitu kwa mizani ndogo inayosoma sehemu za gramu, kwa kuwa tofauti ya matone machache katika chupa ndogo hubadilisha ladha yote.

Desturi ya kuchanganya nyumbani ilikuwapo kabla ya sheria kali, lakini sheria ziliipa nguvu mpya. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 kuhusu tumbaku yaliweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita moja na cha mililita 10 kwa kila chupa yenye nikotini, na matokeo yake yakawa kuenea kwa chupa kubwa za kimiminika kisicho na nikotini ambazo mnunuzi huziongezea nikotini mwenyewe, na kutoka hapo ni hatua ndogo tu hadi kununua arki na kuchanganya kila kitu mwenyewe. Uganda ilichagua njia tofauti kabisa, ikazipiga marufuku sigara za kielektroniki katika Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015.

Arki ya chokoleti inapotiwa katika msingi huo, kinachopotea kwanza ni mdomo. Sehemu kubwa ya raha ya chokoleti haitoki puani bali kwenye ulimi: siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, na hivyo hugeuka kutoka kipande kigumu kuwa mafuta laini ndani ya kinywa, theobromini huleta uchungu, na sukari hupambana na uchungu huo. Mvuke hauna mafuta, hauyeyuki, na hauna uchungu wa theobromini. Hubaki harufu peke yake, tena harufu iliyopitishwa kwenye waya wa moto, na pirazini, zikikosa mafuta ya kuzituliza, hujitokeza kuliko inavyotakiwa. Ndiyo sababu wavutaji wengi hulalamika kwamba walichotengeneza kina ladha ya unga mkavu wa kakao, au ya kitu kilichoungua, na si ya kipande cha chokoleti.

Pipi za chokoleti ni rahisi zaidi kuigwa kuliko chokoleti tupu, na hili ni jambo la kuvutia kwa sababu linafichua jinsi utambuzi wa ladha unavyofanya kazi. Katika pipi yenye nazi, gama-nonalaktoni, kemikali yenye harufu nzito ya nazi, humpa mvutaji jina la kushika, na chokoleti huhitajika kuwa kivuli tu nyuma yake. Katika ile yenye mnanaa, mentholi huleta ubaridi unaofunika kasoro za pirazini. Katika ile yenye chungwa, limonini ya maganda hufanya kazi hiyo hiyo, ingawa mafuta ya machungwa yana tabia ya kupasua matangi ya plastiki ya baadhi ya vifaa. Kwa karanga mambo huwa mepesi zaidi, kwani pirazini za karanga zilizokaangwa na zile za kakao ni za ukoo mmoja. Chokoleti nyeupe, ambayo haina unga wa kakao hata kidogo, huigwa kwa vanila, maziwa na utamu pasipo kuigusa kakao. Ili kurudisha utamu, wachanganyaji hutumia ethili maltoli, yenye harufu ya sukari iliyoanza kuungua. Ili kurudisha ulaini hutumia vanilini, ambayo wakemia Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann waliitengeneza maabarani mwaka 1874. Na ili kurudisha siagi, kitu ambacho kinakosekana zaidi kuliko vyote, hutafuta arki za malai na siagi.

Hapo ndipo tatizo kubwa lilipo. Kemikali inayoipa siagi harufu yake ni diasetili, nayo ni halali na haina madhara yanayojulikana kwa kiasi kinacholiwa katika vyakula. Lakini mwaka 2000, katika mji wa Jasper jimboni Missouri, Marekani, ilibainika kwamba wafanyakazi wanane wa zamani wa kiwanda cha bisi za kupashwa kwenye maikrowevu walikuwa wamepatwa na bronkiolaitisi obliterans, ugonjwa ambao vijia vidogo kabisa vya hewa katika mapafu huzibwa na makovu yasiyoondoka, na mgonjwa hubaki akikosa pumzi maisha yake yote. Wachunguzi wa taasisi ya serikali ya usalama kazini waliuhusisha ugonjwa huo na mvuke wa kionjo cha siagi kilichokuwa kikichanganywa katika mapipa yaliyopashwa moto, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2002. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima aina 51 za vimiminika vya sigara za kielektroniki vyenye ladha na kukuta diasetili katika aina 39.

Haki inadai isemwe pia kwamba moshi wa sigara za kawaida una diasetili nyingi kuliko vimiminika vingi hivyo, na baadhi ya watafiti hutumia hoja hiyo kupunguza hofu. Hoja hiyo ni ya kweli lakini ni dhaifu, kwa sababu sigara ya kawaida huharibu vijia hivyo hivyo kwa njia nyingine nyingi, na kulinganishwa na sumu kubwa hakuifanyi sumu ndogo kuwa chakula. Arki za vyakula hupimwa kwa ajili ya tumbo, ambako asidi huvivunja viambato na ini huvichuja kabla havijasambaa mwilini. Mapafu hayana kichujio cha namna hiyo. Hata chama cha watengenezaji wa vionjo nchini Marekani kimetamka kwamba uthibitisho wake wa usalama unahusu kula tu, wala si kuvuta. Ushahidi mchungu zaidi ulikuja mwaka 2019, pale ugonjwa mpya wa mapafu ulipowalaza hospitalini au kuwaua zaidi ya watu 2,800 nchini Marekani, wakiwamo 68 waliofariki kufikia Februari 2020, na mshukiwa mkuu akawa asetati ya vitamini E, mafuta yanayopakwa ngozini na kumezwa kila siku bila dhara, yaliyokuwa yameongezwa hasa katika vimiminika vya bangi.

Kwa sababu hiyo hiyo, chokoleti halisi, unga wa kakao na arki za pipi zenye mafuta hazifai kabisa kutiwa katika kimiminika cha kuvutwa. Mafuta yanayoingia mapafuni huweza kusababisha nimonia ya mafuta, ambamo seli za kinga hujaa matone ambayo haziwezi kuyameng'enya. Nikotini iliyokolezwa nayo hupenya ngozi, na hupaswa kuwekwa mbali kabisa na watoto, kwa kuwa kiasi kidogo kikimezwa kinaweza kumuua mtoto mchanga. Hatari hiyo ndiyo iliyoifanya Marekani, kwa sheria iliyotiwa saini Januari 2016, ilazimishe chupa za nikotini hiyo ziwe na vifuniko visivyofunguliwa kirahisi na watoto.

Iko pia kemia inayoendelea ndani ya chupa baada ya mchanganyaji kumaliza kazi yake. Kwa desturi, michanganyiko ya chokoleti, malai na vanila huachwa kabatini kwa wiki kadhaa ili ikomae, na ni kweli kwamba hubadilika: watafiti wa vyuo vikuu vya Yale na Duke walionyesha mwaka 2018 kwamba vanilini na aldehidi nyingine huungana taratibu na propilini glikoli kuwa asetali, kemikali mpya ambazo hazikuandikwa kwenye chupa yoyote, ambazo huhamia katika mvuke, na ambazo huamsha mishipa ya fahamu inayohisi mwasho katika njia za hewa kwa nguvu zaidi kuliko vanilini yenyewe. Wale wanaoifahamu hatari ya diasetili nao hukimbilia arki zilizoandikwa kuwa hazina kemikali hiyo, ambazo nyingi hupata harufu ya siagi kutoka kwa asetoini, jamaa yake wa karibu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba asetoini hugeuka kuwa diasetili ndani ya kimiminika chenyewe, na kwamba nikotini, kwa kuwa ni besi, huharakisha mgeuko huo. Kwa hiyo zile wiki ambazo mchanganyaji anaziacha zipite ili ladha yake ilainike ni wiki ambazo diasetili aliyoikwepa dukani inaongezeka kabatini mwake.